Kabla hujamwelekezea mwandishi maikrofoni

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya ukumbi wa hoteli moja hapa Malindi nikiwatazama wanagenzi wetu watatu wa uandishi wa habari wakimhoji mwandishi wa riwaya za upelelezi. Wa kwanza alimwuliza kama amewahi kuua mtu. Wa pili alimwuliza kitabu chake kinahusu nini. Wa tatu hakuuliza neno. Aliipiga picha taarifa kwa vyombo vya habari, na kesho yake nikaikuta chini ya jina lake, pamoja na makosa ya tahajia ya mchapishaji. Wanangu, nawapenda, na usiku ule usingizi haukunijia. Ndiyo maana nawaandikia haya.

1. Soma kitabu. Ukikosa muda, soma kurasa 50 za mwanzo na umwambie mgeni ukweli kwamba umefika hapo.

2. Usitoboe mwisho. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2013 nilikuwa na kipindi cha vitabu cha Jumamosi asubuhi, mubashara. Mei ile kila mtu alikuwa akimzungumzia Dan Brown, mwandishi Mmarekani wa riwaya za kusisimua, kwa sababu riwaya yake Inferno ilitoka tarehe 14. Huenda mmesimuliwa jinsi ilivyolindwa: wafasiri 11 walifungiwa chini ya ardhi huko Milan, simu zao zikachukuliwa, walinzi wakasimama mlangoni, ili tafsiri zitoke pamoja na toleo la Kiingereza na mwisho usivuje. Habari hiyo ilikuwa tamu zaidi kwetu Malindi, mji ambao hata muuza madafu anaongea Kiitaliano, maana kisa chenyewe kinaanzia Firenze.

Mgeni wangu siku hiyo alikuwa mwalimu, na matatu ikamharibikia Gede. Nilibaki na dakika tisa za kujaza na maneno yamenikauka. Kitabu sikuwa nimekisoma. Nilikuwa nimesoma uhakiki wa gazeti moja la nje, ule ulioonya tangu juu kwamba unafichua mwisho. Nikafungua mdomo nikausimulia mwisho wote, kwa sauti ya mtu aliyekesha na kitabu.

Kipindi hakijapoa, mzee mmoja mwenye kibanda cha vitabu akafika kituoni. Alikuwa ameagiza nakala kumi kutoka Mombasa kwa pesa yake mwenyewe, na wateja saba walikuwa wameshatanguliza nusu ya bei. Wanne kati yao walikuwa tayari wamempigia simu wakitaka pesa zao. Hakugomba. Alinisalimu, akapokea maji, akanywa, kisha akauliza, "Mwanangu, mwisho ule alikupa nani hata ukaugawa?" Sikuwa na jibu. Akauliza ni ukurasa wa ngapi, apate kuwaambia wateja wake. Hapo ndipo nilipokiri kwamba kitabu sijakishika. Mzee aliinamisha macho akatazama sakafu kwa muda mrefu. Laiti angenitukana.

Nilizinunua zile nakala nne, na mwezi ule nilikopa mpaka unga. Usiku nilisoma hadi adhana ya alfajiri, nikagundua kwamba hata mwisho wenyewe niliutoa nusu, na nusu ile ilipotosha. Kwa hiyo waliokisoma baadaye walikisoma huku wakisubiri jambo ambalo halimo. Jumamosi iliyofuata niliomba radhi hewani. Mzee aliendelea kuniuzia vitabu hadi alipofunga kibanda chake, lakini ile desturi yake ya kuniuliza, "Hiki umekionaje?", haikurudi tena. Pesa nilizisahau. Hilo silisahau.

Tangu siku ile kipimo changu ni jalada la nyuma. Pale muhtasari unapoishia, nami naishia. Mgeni akichelewa, soma ukurasa wa kwanza kwa sauti nzuri. Dakika tisa zitakwisha.

3. Idadi ya mauzo. Nakala zilizochapwa, zilizopelekwa madukani na zilizonunuliwa ni vitu vitatu. Mwulize mtu wa uenezi wa mchapishaji anazungumzia kipi, na akikwambia kitabu kimeongoza orodha, uliza orodha ya nani na wiki gani. The Da Vinci Code ya Dan Brown, ya 2003, hutajwa kuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 80, na kila mwanagenzi anaijua namba hiyo. Wachache wanajua kwamba riwaya tatu za mwanzo za mwandishi huyo hazikuvuma zilipotoka, na kwamba kabla ya ile ya nne mchapishaji aligawa nakala 10,000 za bure kwa wahakiki na wauza vitabu. Umaarufu una mafundi wake, na kazi yetu ni kuwaonyesha wasomaji mafundi hao. Ukiandika tu kwamba kitabu "kilipendwa ghafla", umeifanya kazi ya mtu wa uenezi na mshahara amekula yeye.

4. Kesi. Bado nasikia watu wakisema hewani kwamba Dan Brown alishtakiwa London mwaka 2006 kwamba The Da Vinci Code iliiba mawazo ya kitabu cha wengine. Aliyeshtakiwa ni mchapishaji wake, Random House. Mwandishi alifika kama shahidi, na walalamikaji walishindwa. Soma hukumu kabla hujatamka "wizi".

5. Maisha ya ndani. Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, alipotoweka Desemba 1926, magazeti ya Uingereza yalimfuata kwa siku 11 mpaka alipopatikana hotelini Harrogate. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uleule na ndoa yake ilikuwa inavunjika. Alipokuja kuandika tawasifu yake, zile siku 11 hakuzigusa. Mwandishi akikataa swali, nyamaza, ufungue ukurasa mwingine.

6. Usimwulize mwandishi wa Kiswahili kama yeye ndiye "Dan Brown wetu". Hili linanichoma. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kisa cha mpelelezi Bwana Msa, na kitabu kikatoka 1960. Dan Brown hata hajazaliwa. Baadaye wakaja wapelelezi wengine wa riwayani, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, vitabu vilivyozunguka mabwenini mpaka majalada yakang'oka. Mmoja wenu aliniuliza Joram Kiango anagombea kiti gani. Nilitoka nje nikapunga upepo wa bahari kwanza.

7. Ukipewa bahasha ya "nauli", yaani pesa za kukulainisha, irudishe palepale, na umwambie mhariri.

Riwaya ya mgeni wa Jumamosi ijayo iko kwenye droo yangu ya pili, kurasa 312, nakala moja. Ichukueni kwa zamu. Jumatano, kabla ya chai, kila mmoja atanisimulia kilichotokea ukurasa wa 40.