Muulize Bwana Afya: Vigae Vyang'aa, Tangi Je?

Afisa wa afya ya umma aliyestaafu Mombasa anajibu barua za wasomaji.

*Shikamoo mzee. Niko mwaka wa mwisho chuoni, nasomea afya ya mazingira, na mwezi ujao naanza mafunzo ya kazini hapa Mombasa. Daftari zimejaa: maji, vyakula, wadudu, majengo, takataka, sheria. Nikiingia hoteli ya mtu kukagua, nianzie wapi hasa?*
Mwanafunzi, Likoni

Marahaba mwanangu. Nikujibu kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilitumwa kukagua hoteli moja mjini. Vigae vyeupe mpaka darini, wapishi wana kofia, vyeti vyao vya afya vimetundikwa kwa mstari, hakuna hata kimoja kilichopita miezi 6. Nikajaza fomu, nikatia sahihi, nikaagwa kwa glasi ya juisi ya ukwaju. Wiki haikwisha, watu wa meza moja wakashikwa na kuharisha. Mkubwa wangu akanirudisha pale. Jikoni hakuingia, aliomba ngazi. Juu ya paa palikuwa na tangi halina kifuniko, ndani mna kunguru aliyekufa na tope la kimo cha kidole. Maji hayo ndiyo yaliyosuuza sahani, na ndiyo yaliyotiwa kwenye juisi niliyokunywa.

Tangu siku ile naanzia kwenye maji: yameingiaje, yamelala wapi, yanatokaje. Mifereji yetu haitoi maji kila siku, kwa hiyo kila hoteli ina tangi, au yaletewa na boza, au ina mwenye mkokoteni wa mitungi ya lita 20. Uliza mkokoteni umejaza wapi. Kisha toa kipimo chako cha klorini, ile dawa ya kuua vijidudu vya majini. Kinga maji ya bomba la jikoni, si lile la uani, tia kidonge kwenye kichupa, tikisa, ulinganishe rangi ya waridi na ile ya kwenye kipimo. Unataka klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Maji yakibaki meupe vilevile, ama hayakutiwa dawa ama dawa imeliwa na uchafu njiani. Usitie sahihi.

Cha pili ni joto, na hapo ndipo pilau za harusi hutuumbua. Sufuria ya kilo 20 za mchele imeiva saa nane za usiku, ikafunikwa, inangoja wageni wa mchana. Asubuhi ukiigusa kwa nje imepoa. Ukidunga kipimajoto katikati, nyuzi 42. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu hustawi. Wali una chake, *Bacillus cereus*: mbegu zake hazifi kwa kuchemka, na ile sumu yake ya kutapisha haiondoki ukiupasha moto tena. Mpishi atakwambia, "Lakini nimeupasha mpaka ukafuka moshi!" Mwamini, kaupasha. Jambo liliharibika alfajiri. Mwambie kama lazima ungoje, aupalie makaa, kati ya sufuria pasishuke chini ya nyuzi 60.

Sheria utazikariri huko chuoni, ile ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na ile ya vyakula na dawa, Sura ya 254. Nenda nazo, ila usianze nazo. Ukimsomea mtu kifungu kabla hujampandisha ngazi akamwona kunguru wake, atakuchukia bure. Na juisi usinywe.

*Assalaam aleikum. Nina nyumba ya vyumba 8 na kisima cha tangu enzi za marehemu baba. Maji yake matamu, wapangaji wayanywa. Choo cha shimo kiko kama hatua 15 kutoka kisimani. Afisa amekataza watu wasinywe mpaka kitiwe dawa. Yatiwa kiasi gani, na nikishatia yamekwisha?*
Mama mwenye nyumba, Kisauni

Waaleikum salaam, mama. Hatua 15 ni kama mita 10. Kipimo tulichofundishwa ni mita 30, tena ni cha udongo unaochuja. Penye matumbawe, lile jiwe la nyufa, maji ya choo hayachujwi, yapita tu. Utamu wa maji haukwambii kitu.

Dawa huhesabiwa kwa maji yaliyomo, si kwa urefu wa shimo. Kisima cha upana wa mita 1.2 chenye kina cha maji mita 2 kina kama lita 2,260. Kwa miligramu 50 kwa lita, yatakiwa gramu 113 za klorini tupu, na kwa ile ya unga ya asilimia 70 ni kama gramu 160. Unga ndio utiwao ndani ya ndoo ya maji. Usimimine maji juu ya unga. Afisa afanye mwenyewe, maana ule unga wachoma macho. Watu wasichote siku nzima, halafu yatekwe yamwagwe mpaka harufu iishe.

Hayajakwisha lakini. Choo kiko palepale. Ya kunywa yachemshwe, au yatiwe dawa mtungini kila siku. Na mtoto mchanga wa maziwa ya kopo asipewe maji hayo hata yakichemshwa, mpaka yapimwe naitreti, zile chumvi zitokanazo na kinyesi zinazomdhuru mtoto mchanga. Zile haziondoki kwa moto, maji yakipungua ndio kwanza zinakolea.

Nikiwa bado uani kwako: mapipa. Chikungunya iliyotulaza mwisho wa 2017 kuingia 2018 ililetwa na mbu wa mchana anayetaga kwenye maji ya akiba. Mayai hunata ubavuni mwa pipa, hukaa makavu miezi, yakipata maji yaanguliwa. Kumwaga hakutoshi, wasugue.

*Tulikaanga jodari vizuri, akaiva. Nusu saa baadaye nyuso nyekundu, midomo yawasha, kichwa chagonga. Mke wangu asema ni aleji, lakini tumeugua wote wanne.*
Baba wa watoto wawili, Changamwe

Wanne kwa pamoja? Aleji hiyo haiko, ndugu yangu. Jodari au nguru akiota joto baada ya kuvuliwa, vijidudu hutengeneza histamini, kemikali ileile mwili huitoa wakati wa aleji, katika nyama yake, na kikaango hakiiondoi. Huenda hata asinuke. Mara nyingi hupita kwa saa chache. Anayebanwa na pumzi akimbizwe hospitali. Siku nyingine sokoni usiangalie macho ya samaki tu. Tia mkono chini yake, ndani ya sanduku. Ukikuta barafu, nunua. Ukikuta maji ya vuguvugu, nendeni mkale mbaazi.