Hali ya hatari wakati wa mpito: maswali yenu

Makala ya wiki jana kuhusu Afrika Kusini ilivyotoka kwenye ubaguzi wa rangi yameleta maswali mengi kuhusu hali ya hatari, yaani pale serikali inapojipa mamlaka ya ziada na kubana baadhi ya haki za watu. Najibu manne.

Nchi iko kwenye hali ya hatari, uchaguzi utakuwaje huru? (Msomaji, Dodoma)

Inawezekana, ila kwa masharti. Tarehe 31 Machi 1994, wiki nne kabla ya uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote, Rais De Klerk alitangaza hali ya hatari KwaZulu na Natal, ambako wafuasi wa vyama viwili, Inkatha cha Buthelezi na ANC cha Mandela, walikuwa wakiuana. Ile ya 1986 ilifunika nchi nzima na maelfu wakawekwa kizuizini. Hii ilihusu eneo moja, na Baraza la Mpito, chombo cha vyama vingi kilichosimamia maandalizi ya uchaguzi na ambamo ANC walikuwamo, liliiunga mkono. Hata hivyo tusiwape askari sifa isiyo yao. Damu ilipungua baada ya Inkatha kukubali, tarehe 19 Aprili, kuingia uchaguzini. Hayo yalikuwa matunda ya mazungumzo.

Mwanangu akichukuliwa usiku, nitajuaje aliko? (Mama, Tanga)

Pole, mama. Hofu hiyo naielewa, na hapa ndipo ninapoipima sheria yoyote ya dharura. Walioandika Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 wengine walikuwa wamewahi kufungwa bila kesi, na kifungu cha 37 kinaonyesha hivyo. Ndugu au rafiki wa aliyekamatwa lazima aarifiwe mapema iwezekanavyo. Ndani ya siku 5 jina lake na mahali alipo vitangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Anachagua mwenyewe wakili na daktari wa kumwona. Ndani ya siku 10 mahakama ipitie suala lake, na serikali iwe imempa sababu zake kwa maandishi siku 2 kabla. Daktari hakuwekwa pale kama pambo: mtu akijua kesho atavuliwa shati mbele ya daktari, anafikiri mara mbili kabla ya kumpiga mfungwa.

Nani anazuia isirefushwe kila mara? (Msomaji, Nakuru)

Bunge na mahakama. Kwenu Kenya, ibara ya 58 ya Katiba inatoa siku 14 tu. Kuongeza mara ya kwanza kunataka theluthi mbili ya wabunge wote, kisha robo tatu, na kila nyongeza haizidi miezi miwili. Afrika Kusini ni siku 21, halafu hadi miezi mitatu kila mara. Mimi naona Kenya imebana vizuri zaidi.

Askari akiua, anaweza kukingwa na sheria? (Msomaji, Mwanza)

Kanuni za miaka ya 1980 kule Afrika Kusini zilimkinga, mradi adai alitenda kwa nia njema. Katiba ya 1996 imekataza: sheria ya dharura haiwezi kumkinga yeyote, wala serikali yenyewe, kwa kitendo kisicho halali. Katiba ya Kenya nayo inaikatalia serikali kinga hiyo. Kwa hiyo andika tarehe, saa na kituo alikopelekwa mtu wako, na uhifadhi karatasi ya hospitali.