Kutega mabomu katika VGA Planets bila ya kukausha hazina

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini hazina yako inakauka kwa kuizungushia mabomu sayari mama, ilhali meli za adui bado zinapenya. Nami nilikosea vivyo hivyo nilipouanza mchezo huu wa kompyuta wa vita vya angani, unaochezwa kwa zamu, na wenzangu hapa Chake Chake, tukipelekeana mafaili ya zamu kwa baruapepe baada ya Isha, kwa sababu niliamini kwamba topido (kombora la meli) ghali ndiyo topido bora.

Topido inapogeuzwa kuwa mabomu ya kutegwa, hutoa idadi iliyo sawa na kipeo cha pili cha nafasi yake katika orodha ya topido kumi za mchezo. Mark 8, iliyo ya kumi, hutoa mabomu 100 kwa krediti 54. Mark 7 hutoa 81 kwa krediti 36. Na Mark 4, iliyo ya sita, hutoa 36 kwa krediti 13 tu. Ukitaka mabomu 10,000, basi, Mark 8 itakugharimu krediti 5,400, Mark 7 krediti 4,464, na Mark 4 krediti 3,614. Usiikimbilie Mark 4 kwa hesabu hiyo peke yake, kwani kila topido, iwe ya aina gani, inakula madini, yaani kilotani moja ya tritaniamu, moja ya duraniamu na moja ya molibdeni, na utahitaji topido 278 za Mark 4 mahali ambapo Mark 8 mia moja zingetosha. Katika mchezo wangu wa pili nilibaki na krediti tele na kituo cha angani kisichoweza kuunda meli hata moja ya maana, kwa kuwa molibdeni yote nilikuwa nimeimwaga angani. Tangu hapo, nikipungukiwa na fedha hutumia Mark 4, nikipungukiwa na madini hutumia Mark 8, na mara nyingi huishia kwenye Mark 7. (Ukicheza upande wa Maroboti, mojawapo ya mataifa ya mchezo, ambao kila topido yao hutoa mabomu mara nne, wasiwasi huu hupungua sana.)

Jambo zito zaidi ni umbo. Nusukipenyo cha uwanja wa mabomu ni kipeuo cha pili cha mabomu yake, kwa hiyo mabomu 10,000 hufika miaka ya nuru 100, na ukitaka 150 lazima utege 22,500. Wavuvi wetu hawaizungushii bahari madema. Huyatega kwenye mkondo samaki anamopita. Ukiyagawa mabomu hayo 10,000 katika viwanja vinne vya 2,500 na kuvipanga mfululizo juu ya njia ya adui, atasafiri miaka ya nuru 400 ndani ya mabomu badala ya 200. Hatari ni asilimia 1 kwa kila mwaka wa nuru, na meli iendayo warp 9, kasi ya juu kabisa ya mchezo, hukata miaka ya nuru 81 kwa zamu, yaani uwezekano wa kulipuka katika zamu moja ya ndani ni karibu asilimia 56, ambapo anayekata ukingoni kwa miaka ya nuru 20 ana asilimia 18 hivi. Sharti lake ni uijue njia, nami huichora kwa kuangalia sayari anazojazia mafuta.

Gharama ya matunzo haibadiliki kwa mgawo huo, kwani kila uwanja hupoteza asilimia 5 kwa zamu. Kufidia mabomu 500 ya zamu moja kunataka Mark 4 kumi na nne, krediti 182, au Mark 8 tano, krediti 270.

Kisha kuna wafagiaji, yaani meli zinazoyaondoa mabomu kwa mizinga ya miale. Meli moja yenye mizinga kumi ya Heavy Phaser, iliyo ya juu kabisa, hufagia mabomu 4,000 kwa zamu, na niliwahi kuujaza uwanja mmoja zamu tano mfululizo huku jirani akiufagia kwa raha zake, bila ya gharama yoyote kwake. Uwanja wa namna hiyo siuongezei tena hata topido moja mpaka meli yangu ya vita ifike, na topido nilizokwisha kuziunda huzibakisha ndani ya meli hiyo kwa ajili ya kumpiga nazo mfagiaji mwenyewe.