Miaka wanaikariri, muda hawauoni

Mwalimu, unasema wanafunzi wako wa darasa la tano wanadhani Vasco da Gama na Nyerere waliishi zama moja. Hawana tatizo la kumbukumbu. Hawajauona urefu wa muda. Tafuta kamba ya katani ya mita 6 (ya mpira inavutika, vipimo vinaharibika) na vibanio vya nguo vya kubania kadi za matukio. Sentimita 1 iwe mwaka 1. Anzeni mwaka huu mkirudi nyuma: mwaka waliozaliwa wao, wa bibi zao, ndipo 1964 Muungano, 1961 Uhuru wa Tanganyika, 1905 Vita vya Maji Maji, 1498 Vasco da Gama. Kati ya kadi hizo mbili za mwisho kuna mita 4 na sentimita 7. Watauliza mbona patupu. Wape Fort Jesus, ngome ya Wareno kule Mombasa, 1593. Kadi zisiachane kwa nafasi sawa, kosa la chati nyingi za ukutani.