Simu huria badala ya kompyuta: jaribu tundu kabla ya kutoa pesa

Wanafunzi wanaokuja kuchapisha kazi zao kwenye sekretaria yangu, upande wa Kasapa hapa Lubumbashi, huniuliza kama mtu anaweza kuandika TFC nzima (kazi ya kumaliza masomo) bila kununua laptopu. Anaweza. Mimi barua na ankara zangu naziandika kwenye simu inayotumia Linux, mfumo huria ambao msimbo wake uko wazi kwa wote, nimeiunganisha na skrini kuukuu na kibodi ya AZERTY. Ila simu nyingi zilizojaa sokoni hazifai kwa kazi hiyo, na muuzaji hatakuambia.

Anza na tundu. USB-C ni umbo tu. Ndani yake huenda kuna njia ya kutolea picha, huenda hakuna. Simu nyingi za bei nafuu zina USB 2.0: zinachaji, zinasoma flashi, lakini ukizichomeka kwenye televisheni hupati kitu. Ukisoma maelezo ya simu, tafuta neno DisplayPort; ndiyo njia ya picha. Ukimuuliza muuzaji, atasema, "Papa, USB-C zote ni moja!" Usibishane naye. Nenda na adapta yako yenye HDMI, mwombe awashe televisheni yoyote ya dukani, chomeka. Picha ikitokea, ndipo mzungumze bei. Isipotokea, muage kwa heshima ushike njia.

Samsung wana DeX, inayogeuza simu kuwa kama kompyuta ukiichomeka kwenye skrini, tangu Galaxy S8 ya mwaka 2017, na kama simu yako inayo, itumie, usihangaike. Kasoro yake ni kwamba kampuni ikiacha kuleta masasisho, huna la kufanya. Kwenye mifumo huria mambo ni tofauti. Mwaka 2013 Canonical, kampuni ya Ubuntu (aina ya Linux), waliomba umma dola milioni 32 watengeneze Ubuntu Edge, simu ya kugeuka kompyuta. Ahadi zilipita milioni 12, haikutosha, mpango ukafa. Mwaka 2017 wakaachana na Ubuntu Touch yenyewe, mfumo wao wa simu. Lakini msimbo ulikuwa wazi, kwa hiyo watu wa kujitolea, UBports, waliuchukua na wanauendeleza mpaka leo.

PinePhone, simu iliyotengenezwa kwa ajili ya Linux, ya kwanza iliuzwa kama dola 150, na ile yenye RAM ya GB 3 pamoja na adapta yake kama dola 200. Betri yake inatoka kwa ukucha, na ya Samsung Galaxy J7 inaingia humo. (Kobalti ya betri tunaichimba Kolwezi, simu tunaiagiza ng'ambo. Tuyaache.) Tena simu hiyo inatazama kwanza kadi ya microSD inapowaka, kwa hiyo unaweza kuonja postmarketOS (Linux nyingine ya simu) leo na mfumo mwingine kesho bila kufuta kilichomo. Ila usidanganyike: prosesa yake, Allwinner A64, ni ya polepole. LibreOffice, programu huria ya kuandikia kama Word, inafunguka ukiwa umeshakunywa nusu ya chai yako. Ikishafunguka, kuandika hakuna shida; kurasa nyingi za intaneti kwa wakati mmoja ndizo zinazoichosha. Kwa hiyo angalia RAM kabla ya kuangalia kamera. Chini ya GB 3, mimi nisingekushauri.

Faida ambayo wanaoishi kwenye umeme wa uhakika hawaioni ni hii: umeme ukikatika jioni, skrini kubwa inazima, lakini waraka wako bado uko wazi kwenye simu, na kibodi ya Bluetooth inaendelea. Sentensi haipotei. Paneli ndogo ya jua inatosha kuichaji; laptopu inataka zaidi. Chagua tu adapta inayopitisha chaji wakati HDMI inafanya kazi, la sivyo utaandika huku betri inaisha.

Pesa za simu na WhatsApp usizihamishie huko haraka. WhatsApp haina programu yake kwa Linux ya simu. Kuna Waydroid inayoendesha programu za Android, lakini kwenye simu dhaifu ni mzigo. Laini ya M-Pesa au Airtel Money iache kwenye simu yako ya kawaida. Na kabla hujaweka postmarketOS kwenye Android yako ya zamani, tafuta modeli hiyo hasa kwenye orodha yao uone kama kupiga simu, kamera na kutoa picha vinafanya kazi. Jina likitofautiana kwa herufi moja tu, ni simu nyingine.

Anayechora kwa AutoCAD, au ana majedwali ya Excel yenye makro, anunue laptopu iliyotumika. Wewe wa kuandika, ukimaliza geuza kazi iwe PDF kabla ya kuileta kuchapisha. Ukileta faili ya LibreOffice, Word ya huku itavuruga fonti na namba za kurasa, na mimi nitakulipisha muda wa kuzipanga upya.