Kabla hujanunua bunduki ya .22 hapa Alberta, ijue magazini yake

Zilikuwa zimetundikwa ukutani safu kwa safu, kama soksi za mtumba pale Karume: magazini, yaani vile visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye bunduki, nyeusi za plastiki, zimepinda kama ndizi, kila moja inameza risasi 25. Tulikuwa Great Falls, Montana, upande wa Marekani, mimi na rafiki yangu mmoja wa Mombasa. Tulikuwa tumeshuka kutoka Alberta, Kanada, wikiendi moja kutafuta matairi. Nikachukua mbili. Bei yake ya kutupa, na bunduki ya kuzitia ninayo nyumbani. Nimebakiza hatua mbili nifike kaunta, mwenzangu akanishika kiwiko.

"Yakhe, rudisha hizo. Ukivuka nazo mpakani pale Coutts umejimaliza."

Nikabisha. Kwenye kozi ya leseni ya bunduki mwalimu alisema mbele ya darasa zima kwamba magazini ya bunduki ndefu ya .22 haina ukomo wa risasi. Niliandika kwenye daftari na kupiga mstari. Mwenzangu hakutaka mdahalo. Alizichukua mkononi mwangu akazirudisha kwenye msumari wake. Usiku ule hotelini nikaanza kusoma kanuni zenyewe kwenye simu, na tangu siku hiyo mtu akinipigia kuuliza bunduki ya kwanza anunue ipi, namwanzia kwenye magazini. Habari za mbao na darubini baadaye.

Iko hivi. Kanada ina ukomo wa aina mbili kuu kwa idadi ya risasi. Bunduki ndefu inayojikoki yenyewe kila ukivuta triga, ikiwa ni ya risasi za sentafaya, zile zenye kitufe cha kuwashia katikati ya kitako, magazini yake mwisho risasi 5. Bastola, mwisho 10. Ikizidi hapo, magazini yenyewe inahesabika kuwa kifaa kilichopigwa marufuku, hata ikiwa tupu, hata ikiwa imelala kwenye droo na bunduki huna. Chimbuko la ukomo huu ni msiba wa Montreal. Tarehe 6 Desemba 1989 mtu aliingia chuo cha École Polytechnique na bunduki ya kujikoki akaua wanawake 14. Sheria ilibadilishwa 1991, na ukomo wa magazini ukafuata.

Risasi ya .22 tunayoizungumzia hapa, ile inayoitwa Long Rifle, ni rimfaya. Ukiitazama kitako chake huoni kitufe katikati. Baruti ya kuwashia imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki hupiga ukingoni. Bunduki ndefu za aina hii sheria iliziacha bila ukomo. Kwa hiyo mwalimu wangu hakudanganya. Alisema nusu.

Nusu nyingine ni hii: sheria haiulizi magazini umeichomeka kwenye bunduki gani. Inauliza ilitengenezwa kwa ajili ya silaha gani. Bunduki yangu ni Ruger 10/22, ambayo iko sokoni tangu 1964 na huku ukitupa jiwe unampata mwenye nayo. Mwaka 2007 kampuni hiyohiyo ikatoa bastola inayoitwa Charger, inayokula magazini zilezile. Basi magazini ikawa ya bunduki na ya bastola kwa pamoja, na ya bastola mwisho wake ni 10. Polisi wa taifa, RCMP, walilifafanua hilo kwa maandishi 2016, na watu waliokuwa na zile ndizi za risasi 25 miaka nenda rudi wakaamka wana kitu haramu kabatini. Hawakununua bastola, wala hawakubadilisha hata skrubu moja.

Sasa linganisha na mzee ninayemlindia shamba. Ana Marlin 60, bunduki ya .22 vilevile, ya kujikoki vilevile. Risasi zake zinaingia kwenye bomba lililofungwa chini ya mtutu, na linachukua 14. Halali kabisa. Mimi nikiweka magazini ya 15 kwenye 10/22 yangu, nimevunja sheria. Mantiki yake usiniulize. Nimeshabishana nayo peke yangu barabarani kutoka Brooks hadi Medicine Hat na sikushinda.

Kwa wenzangu wenye ukaazi wa kudumu, hili si suala la faini. Kumiliki magazini iliyopigwa marufuku ni kosa la jinai lenye kifungo, na kuvusha mpakani ni zito zaidi. Kosa zito la jinai linaweza kugusa ukaazi wenyewe. Unaipoteza Kanada kwa kipande cha plastiki.

Na usidhani ndugu zetu walioko Marekani wamepona kwa sababu madukani kumejaa. Marufuku ya nchi nzima ya magazini za zaidi ya risasi 10 ilianza 1994 ikaisha 2004, ila majimbo mengine yana zao. Montana haina ukomo. Colorado ni 15, tangu 2013. California na New York ni 10. Kwenye majimbo kadhaa yenye ukomo, bomba la .22 kama la yule mzee limeachwa nje ya sheria, lakini magazini ya kuchomoa haikuachwa. Ukihama jimbo na bunduki yako, soma upya.

Haya, bunduki yenyewe. Ushauri wangu utawaudhi vijana: ya kwanza iwe ya bolti, unayoikoki kwa mkono kila risasi. Mimi nilianza na ya kujikoki kwa sababu nilitaka raha. Siku ya kwanza shambani nikatoka kuwinda gofa, wale kuchakuro wa huku wanaotoboa malisho mpaka ng'ombe na farasi wanavunjika miguu kwenye mashimo. Tangu serikali kuu iondoe strikinini, sumu ya kuwaulia, 2023, wenye mashamba wanakaribisha sana mtu mwenye .22 na adabu. Nilimaliza magazini ya 10 kwa muda wa kupiga chafya mbili. Gofa aliyekufa: mmoja, na sina hakika kama hakufa kwa mshtuko.

Mzee akaingia ndani akatoka na Cooey, bunduki kuukuu iliyotengenezwa Cobourg, Ontario, ya risasi moja tu. Unatia moja, unapiga, unafungua, unatoa ganda, unatia nyingine. Mkononi ikanikumbusha gobore la babu kule Rukwa, lile alilokuwa akishindilia baruti kwa ufito wa chuma huku sisi tukisukumwa nyuma ya mwembe. Alasiri ile na Cooey nilipiga risasi 20 na nikapata gofa 11. Nilikuwa nasubiri mpaka pumzi itulie, kwa sababu nilijua sina nyingine ya haraka.

Cooey haitengenezwi tena, lakini za mtumba zipo na bei yake ni nafuu. Ukitaka mpya, Savage wana kiwanda Lakefield, Ontario, na Mark II yao ya bolti ni bunduki ya mtu wa mshahara wa kawaida. Mwenye pesa zaidi atazame CZ 457, magazini ya risasi 5, triga laini kama siagi. Kabla ya kulipa, ipandishe begani ukiwa umevaa koti la baridi. Kitako kilichokutosha ukiwa na fulana Julai kitakusukuma kidevu Novemba.

Pesa utakayookoa nunua risasi za aina tano tofauti, boksi moja moja. Kila mtutu wa .22 una kinywa chake. Wangu kwenye mita 50 ulitapanya aina moja kama mchele uliomwagika, na aina nyingine, tena ya bei rahisi, ukaziweka zote ndani ya sarafu ya dola mbili. Hakuna atakayekwambia ni ipi isipokuwa karatasi ya shabaha. Baridi nayo ina mambo yake: kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, mafuta uliyopaka mengi yanaganda kama samli na bolti inakuwa nzito. Paka kidogo, futa. Na usivute triga chemba ikiwa tupu kwa mchezo, hasa kwenye bunduki za zamani, maana pini haina ganda la kupiga. Itaponda ukingo wa chemba.

Udogo wa risasi usikudanganye. Gramu mbili na nusu hivi za risasi ya kawaida zinaweza kufika zaidi ya kilomita 2, na maboksi mengi yanaonya hivyo. Ardhi ikiganda, risasi inadunda kama kokoto kwenye maji. Sipigi gofa aliyesimama juu ya kilima anga likiwa nyuma yake. Nasubiri ashuke, awe na kichuguu nyuma.

Leseni haina njia ya mkato. Kozi, mtihani wa kuandika na wa vitendo, kila mmoja asilimia 80, kisha fomu inayouliza mpaka habari za mke au mume mliyeachana karibuni. Anayeomba mara ya kwanza husubiri siku 28 kwa uchache. Kadi inadumu miaka 5. Tangu 2022 muuzaji, hata wa mtumba, lazima aihakiki kadi yako kwa msajili wa silaha na apate namba ya uhakiki kabla ya kukupa bunduki. Akikwambia "tumalizane tu", ondoka. Nyumbani bunduki ikae tupu na imefungwa kwa kufuli, risasi zifungiwe au ziwe mahali pasipofikika kirahisi. Kwangu funguo ninayo mimi na mama watoto, na watoto hawajui iko wapi. Nadhani.

Juzi Jumapili kijana mmoja wa Calgary kanipigia, sauti imejaa furaha.

"Kaka, nimepata 10/22 ya mtumba, safi kabisa. Jamaa ananiongezea magazini tatu bure."

"Za risasi ngapi?"

Kimya. Nikasikia mfuko wa plastiki ukifunguliwa.

"Ngoja, kaka. Ngoja nisome ubavuni."