Leva ya breki ya mbele hairudi: anza kwenye waya

Wa alaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Unasema leva ya breki ya mbele ya pikipiki yako, Honda 50, ukiibana hairudi yote na gurudumu linabaki limeshikwa: usikimbilie kuagiza breki shuu (vile vipande vinavyosugua drami kwa ndani) soko la Darajani, Unguja. Kwanza chomoa waya kule chini kwenye gurudumu, kisha bana leva. Ikiwa bado nzito, legeza nati ya boliti inayoishika leva; mara nyingi imekazwa mno. Boliti hiyo ifute kutu, itie grisi kidogo.

Leva ikiwa nyepesi, vuta waya wenyewe kwa mkono. Hewa ya chumvi huula ndani ya ala, yaani ganda lake, pasipoonekana. Waya ukikwaruza, au hata uzi mmoja umekatika karibu na kile kidonge cha chuma kwenye ncha ya waya, badilisha. Usiunge, tafadhali, hiyo ni breki.

Waya mzima? Basi kamu, kile chuma kinachozunguka kuzitanua shuu ndani ya drami ya gurudumu, imekauka. Ifungue, isafishe, paka grisi nyembamba, isiguse shuu. Vumbi usilipulize kwa mdomo. Shuu nyingi za zamani zilitiwa asbesto. Tazama na springi zinazorudisha shuu kama hazijalegea.

Ukishafunga, leva icheze sentimita 2 hadi 3 kwenye ncha kabla ya kushika, na gurudumu lizunguke huru.